Kusalimisha Silaha: Bunduki, Sheria na Swali la Kujihami katika Historia ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Mjadala juu ya udhibiti wa bunduki huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mali ya Marekani. Huko, Rekebisho la Pili la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1791, liliufanya mjadala huo uwe wa haki ya raia mbele ya dola, na mwaka 2008, katika shauri la Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo inajumuisha kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Anayeufuata mjadala huo kutoka Afrika Mashariki hukuta pande mbili zimekwisha kupangwa: upande mmoja unasema bunduki mikononi mwa raia huzaa vifo, na upande wa pili unasema raia asiye na bunduki ni windo la mhalifu na la mtawala dhalimu.

Hata hivyo, Afrika Mashariki ina historia yake ya suala hili, na historia hiyo haikupangwa katika pande hizo mbili. Tangu mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 hadi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, dola zimetunga sheria za kudhibiti silaha, na watu wa eneo hili wametakiwa mara kwa mara kuzitoa bunduki, mikuki na mishale yao. Dai la msingi la mhadhara huu ni kwamba, katika matukio hayo yote, swali zito halikuwa nani aruhusiwe kumiliki silaha. Lilikuwa ni nani atakayemlinda yule aliyeambiwa aiweke chini. Pale swali hilo lilipopata jibu, watu walizitoa silaha zao, na pale lilipokosa jibu, sheria iligeuka kuwa chombo cha kumfunga mnyonge mikono.

Ushahidi wa Msamiati

Lugha ya Kiswahili imehifadhi sehemu ya historia hii katika maneno yake. Silaha za asili zina majina ya Kibantu: mkuki, upinde, mshale, ngao, rungu. Silaha za moto zilikuja na majina ya wageni. Neno bunduki linatokana na Kiarabu, ambako mzizi wake ulihusu kidonge cha mviringo kilichorushwa kwa upinde kabla ya kuja kwa baruti. Risasi ni jina la Kiarabu la madini, na hadi leo Mswahili hutumia neno hilohilo kwa madini na kwa kitu kinachotoka mtutuni. Mzinga, kwa upande mwingine, ni neno la wenyeji: gogo lililotobolewa ili nyuki wakae ndani. Watu wa pwani walipoikabili mizinga ya Wareno katika karne ya 16 na ya wengine waliofuata, waliiona ile chuma iliyo wazi katikati wakaipa jina la kitu walichokijua.

Kamusi za zamani zinaonyesha pia namna bunduki zilivyobadilika. Ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Kisha bunduki ya fataki. Neno gobori likabaki kuwa jina la jumla la bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mbele. Tofauti hizi hazikuwa za kiufundi tu. Kama itakavyoonekana, sheria za kikoloni zilijengwa juu yake, kwani mtu aliruhusiwa au kukatazwa kwa kutegemea aina ya bunduki aliyoishika.

Maneno mawili zaidi yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kujihami. Kwa asili ni kujikinga, kujilinda. Lakini msomaji wa gazeti la Kiswahili hukutana kila siku na habari za majambazi "waliojihami kwa bastola". Kitenzi kimoja kinambeba mlinzi na mvamizi, na ndiyo sababu hoja ya kujilinda haiwezi kutatuliwa kwa kuitazama silaha peke yake. La pili ni kusalimisha. Kwa sauti, silaha hukaribiana na suluhu, lakini mizizi yake ya Kiarabu ni tofauti na kufanana huko kunapotosha. Kusalimisha hutokana na mzizi uliotupa salama na usalama. Anayesalimisha silaha, kwa maana ya neno lenyewe, anatarajia kupata usalama.

Kutoka Soko la Unguja hadi Mkataba wa Brussels

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 bunduki zilimiminika Afrika Mashariki. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki zinazojazwa risasi kwa nyuma, magobori yao ya zamani yalitafutiwa wanunuzi, na bandari ya Unguja ikawa moja ya masoko yake makubwa. Bunduki na baruti zilipanda bara kwa misafara, pembe za ndovu na watumwa wakateremka pwani. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga waliokuwa na bunduki hizo. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alieneza biashara yake hadi Kongo kwa nguvu hiyohiyo, na habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, zimejaa hesabu za watu na bunduki zao.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja aliionya serikali yake kwamba bunduki zilizoingia zilifikia makumi ya maelfu. Wasiwasi wake haukuwa juu ya wanakijiji waliotekwa kwa bunduki hizo peke yao. Alihofu kwamba Wazungu wangelitawala bara hili wakikabiliana na watu wenye silaha bora. Mwaka huohuo Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Wajerumani kutoka Pangani, na kuanzia Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilizingira pwani kwa sababu zilizotangazwa kuwa mbili: kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, uliyaunganisha mambo hayo mawili. Ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohusika. Vifungu vyake kuhusu silaha vilikataza kuingiza bunduki bora na risasi zake katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo ya 20 Kaskazini hadi ya 22 Kusini. Silaha zilizoingia zilipaswa kuwekwa katika maghala ya serikali. Hata hivyo mkataba uliacha milango miwili. Magobori ya gumegume na baruti ya kawaida vingeweza kuuzwa kwa ruhusa. Aidha, bunduki bora zingeweza kutolewa kwa watu wenye dhamana ya kutosha, na kwa wasafiri waliokuwa na hati ya serikali zao kwamba silaha ni kwa ajili ya kujilinda wao binafsi tu.

Hapa ndipo haki ya kujilinda kwa bunduki ilipoandikwa katika sheria ya kimataifa iliyoihusu Afrika Mashariki, na iliandikwa kwa ajili ya msafiri. Mwenyeji aliyekuwa akivamiwa na watekaji hakutajwa kuwa na haki hiyo. Ni kweli kwamba mkataba ulikusudia kuwanyima watekaji bunduki, na kusudio hilo halipaswi kubezwa, kwani maelfu ya watu walikuwa wamepotea kwa sababu ya bunduki hizo. Lakini ulinzi wa mwenyeji uliachwa mikononi mwa dola za kikoloni zilizokuwa bado zinapigana kuiteka nchi yake.

Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907

Matokeo ya mpango huo yalionekana kusini mwa Tanganyika. Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikuwa wamewashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kuteka mamia ya bunduki. Baada ya hapo utawala wa Kijerumani ulizidi kukaza. Mwafrika aliyebahatika kupata kibali aliruhusiwa gobori, wakati askari wa serikali alibeba bunduki ya kisasa na boma lake lililindwa kwa bombomu.

Watu walipochoshwa na kodi, kazi za shuruti na mashamba ya pamba, hawakuwa na njia ya kupata silaha za kulingana na hizo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi za adui kuwa maji. Imani hiyo imeelezwa na wanahistoria kuwa ni chombo cha kuwaunganisha watu wa makabila mengi, na Ebrahim Hussein aliitafakari kwa kina katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Ikitazamwa kwa jicho la historia ya silaha, imani hiyo inaeleza jambo jingine pia. Risasi ilikuwa imekwisha kuwa mali ya upande mmoja, na mtu asiyeweza kujibu risasi kwa risasi alitafuta namna ya kuifanya isiwe na nguvu.

Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Walikuwa na mikuki, mishale na magobori, na bombomu mbili zikawaangusha kwa mamia. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa vyakula na mashamba iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na hufika 300,000. Dola iliyodai kuwa imewanyima watu silaha bora kwa faida yao ndiyo iliyozitumia silaha hizo dhidi yao.

Kenya Wakati wa Hali ya Hatari

Miaka 50 baadaye, nchini Kenya, sheria ya silaha ilifika kileleni kwa ukali. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kanuni zilizofuata zilifanya kukutwa na bunduki au risasi bila kibali kuwa kosa la kifo. Wapiganaji wa msituni walikuwa na bunduki chache za kuiba, na mafundi wao walitengeneza nyingine kwa mabomba ya chuma na makomeo ya milango. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua.

Wakati huohuo walowezi wa Kizungu walitembea na bastola viunoni, wakaziweka mezani wakati wa chakula, na hakuna aliyeona ajabu. Wenye hofu walikuwa na haki ya kuwa na hofu, kwa kuwa baadhi yao waliuawa majumbani mwao. Lakini vijiji vya Wagikuyu vilikuwa na hofu mara mbili: ya watu wa msituni usiku na ya askari mchana. Wale waliojiunga na walinzi wa upande wa serikali, homgadi, walianza kwa mikuki na mapanga, na bunduki walipewa kadiri uaminifu wao ulivyothibitishwa. Hivyo silaha ya kujilinda ikawa malipo ya utiifu.

Kesi ya Dedan Kimathi inaonyesha jambo hilo kwa ukamilifu. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola na risasi zake. Serikali ilikuwa imetangaza nafasi za kujisalimisha tangu Agosti 1953, ambapo mpiganaji aliyetoka msituni alitakiwa kubeba tawi bichi. Katika utetezi wake Kimathi alidai kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Mahakama haikumwamini, na alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mtu aliyeongoza vita alihukumiwa kufa kwa kosa la kukutwa na bastola, katika nchi ambayo bastola ilikuwa sehemu ya mavazi ya mlowezi.

Mgambo na Sungusungu

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mapinduzi ya Uganda ya Januari 1971 na hofu ya uvamizi kutoka nje vilikifanya chama cha TANU, katika Mwongozo wa mwaka huo, kusisitiza mafunzo ya mgambo. Raia alifundishwa kutumia bunduki, lakini bunduki yenyewe ilirudi ghalani. Ulinzi ulihesabiwa kuwa wajibu wa jumuiya, wala haukuwa haki ya mtu mmoja kuweka silaha uvunguni mwa kitanda chake.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu wasiostahili, na wizi wa mifugo wa kutumia silaha ukaenea Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa huko wenyewe waliunda Sungusungu. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale ya sumu, pamoja na filimbi na yowe la kuitana. Wezi wenye bunduki walizingirwa na umati wa watu wenye mishale, na katika maeneo mengi wizi ulipungua sana. Serikali ilisitasita mwanzoni, kisha ikawaunga mkono, na mwaka 1989 bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua.

Sungusungu hawana budi kutajwa pamoja na aibu zao. Watuhumiwa walipigwa, wengine waliuawa bila kufikishwa mahakamani, na wanawake vikongwe walioshukiwa uchawi hawakusalimika. Methali ya wahenga inasema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu, na jeshi la kijiji lilisahau mara nyingi kwamba mtuhumiwa naye ni mwanadamu. Hata hivyo historia yao inapinga dai la kwamba mnyonge hawezi kujilinda pasipo bunduki. Nguvu yao ilitokana na uhakika wa kila mmoja kwamba yowe lake lingeitikiwa.

Karamoja na Itifaki ya Nairobi

Mfano wa kinyume ulitokea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka Aprili 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi na wafugaji wakachukua bunduki zilizokuwamo. Uvamizi wa mifugo, uliokuwa wa mikuki, ukawa wa bunduki za rashasha. Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha hizo kwa hiari, ikiwapa waliozitoa plau na mabati, na ikiahidi kuwalinda. Maelfu ya bunduki yalitolewa.

Mwaka 2002 jeshi lilihamishiwa vita dhidi ya waasi wa Lord's Resistance Army. Walioisikiliza serikali wakabaki bila bunduki na bila askari, na majirani ambao hawakuwa wamezitoa wakawavamia na kuchukua mifugo yao. Haikushangaza kwamba walitafuta bunduki upya. Zoezi lilipoanza tena mwaka 2006 lilikuja kwa nguvu, vijiji vikazingirwa na kupekuliwa, na malalamiko ya mateso na mauaji yakafuata. Kilichokuwa kimeharibika kati ya mwaka 2001 na 2006 ni neno kusalimisha lenyewe, kwa kuwa waliosalimisha hawakupata usalama.

Katikati ya matukio hayo nchi za eneo hili zilikutana. Azimio la Nairobi la Machi 2000 lilifuatiwa na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, na kituo cha kusimamia utekelezaji kikawekwa jijini humo. Itifaki inazitaka nchi wanachama kuwakataza raia kabisa kumiliki bunduki za rashasha na nyingine za kivita, kuweka alama kwenye silaha, na kusajili kila bunduki iliyo halali mikononi mwa raia. Tanzania ilitunga sheria mpya ya kudhibiti silaha na risasi mwaka 2015. Kiini cha sheria za namna hii ni kibali: mwombaji aeleze sababu, naye afisa apime.

Anayepinga ukali wa sheria hizi ana ushahidi wake. Magaidi walipoishambulia Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa watu walikuwa raia wenye bastola za kibali. Wapo walioishi kwa sababu yao. Lakini ushahidi huo unazaa swali jingine. Bastola ya kibali ina gharama na masharti, na kwa kawaida huwa mikononi mwa mkazi wa mjini mwenye mali. Mfugaji wa Marsabit au Samburu hana kibali hicho. Kwa miaka mingi alitegemea polisi wa akiba, majirani zake waliopewa bunduki za serikali, na mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipozirudisha bunduki hizo ili kuupanga upya mfumo, wakazi wa sehemu hizo walilalamika kwamba wameachwa wazi.

Hitimisho

Matukio yaliyopitiwa hapa hayathibitishi kwamba kila raia apewe bunduki. Soko la Unguja la karne ya 19 na Karamoja ya baada ya mwaka 1979 ni ushahidi tosha wa nini hutokea bunduki zinapoenea bila mipaka: dawa ya moto huwa moto, na wanaoungua kwanza ni wasio na ng'ombe wala bunduki. Wala hayathibitishi kwamba sheria ya kudhibiti ni njema kwa kuwa tu ni ya kudhibiti. Sheria ya mwaka 1890 na kanuni za mwaka 1952 zilidhibiti sana, na zilimpa mgeni haki ya kujilinda zilizomnyima mwenyeji.

Kinachothibitika ni kwamba kila sheria ya silaha ni ahadi yenye pande mbili. Raia anatoa silaha yake, au anakubali kutokuwa nayo, na dola inajifunga kufika pale anapoita. Pande hizo zisipopimwa pamoja, takwimu za bunduki zilizokusanywa na kuchomwa moto hazielezi chochote juu ya usalama wa waliozitoa. Kwa wanafunzi wa lugha, kazi iliyopo ni kuyafuatilia maneno haya, kujihami, kibali, kusalimisha, katika kumbukumbu za mahakama, magazeti na masimulizi ya wazee, ili ijulikane katika kila kipindi nani alihesabiwa kuwa mlinzi na nani mvamizi. Kwa watunga sheria, historia ya Karamoja inatosha kuwa onyo. Kabla ya kumwambia mtu aweke bunduki chini, sharti awepo atakayelala macho usiku huo kwa ajili yake.